Mapigo ya Mkono wa Kushoto

Mwanamke aitwaye Sikudhani alikaa mbele ya Bi Lin, tabibu wa Kichina aliyezeekea katika mji ule, akamwonyesha uvimbe kwenye titi lake kama anayeonyesha kifungo kilichokatika. Bi Lin aliugusa, kisha akaomba mkono wa kushoto, akaulaza juu ya kimto na kuweka vidole vitatu juu ya mshipa. Alisikiliza mapigo.

"Uvimbe una muda gani?"

"Miezi mitatu."

"Kabla ya hapo kulitokea nini?"

"Nilizika binti yangu." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Sikulia. Wakwe zangu walinisifu kwa subira."

Vidole havikuondoka. "Kwetu husemwa kwamba huzuni isiyotoka hukwama kwenye ini, na ikikosa njia hukusanyika kwenye titi."

"Kwa hiyo nikilia utaisha?"

"Sikuahidi hivyo, mwanangu. Nitakupa majani ya kuchemsha, kifua kilegee. Lakini uvimbe huu ni mgumu, na vidole vyangu havioni ndani. Kesho asubuhi twende hospitali wakaupime. Nitakusindikiza."

Sikudhani aliitikia kwa kichwa. Hakuogopa. Tangu msibani hakuwa ameogopa kitu, wala kusikia chumvi katika chakula.

"Binti aliitwa nani?" Bi Lin aliuliza.

Nyumbani jina lile lilikuwa halitajwi tena. Sikudhani aliutazama mkono wake uliolala juu ya kimto. Midomo yake ilikuwa bado imefungwa, lakini chini ya vile vidole vitatu mshipa ulianza kwenda mbio.