Kichala cha Mlangoni

Mama mkwe wa Nunziata alipanda juu ya kiti, akaanza kubonyeza nyanya moja moja darini. Zilikuwa zinaning'inia hapo tangu kiangazi, na sasa ilikuwa Machi. Vichala vyake, vya mbegu ya marehemu mama yake, vilikaa dirishani. Vya Nunziata, mbegu aliyokuja nayo alipoolewa kutoka upande wa pili wa mlima Vesuvio, vilikaa mlangoni. Shamba lao lilitosha aina moja tu, na ile ambayo ingefika Machi ikiwa nzima ndiyo ingepandwa.

"Zako zina ngozi ya kiatu," alisema mama mkwe.

"Meno yako yanaziweza, mama."

Za dirishani zilikuwa zimenywea zote. Mama mkwe alichuma moja ya mlangoni, akaipasua juu ya mkate. Maji mekundu yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Alitafuna taratibu.

Jirani alichungulia. "Mwaka huu mnapanda zipi?"

Nunziata alimtazama mama mkwe.

"Zetu," alisema mama mkwe.

"Zile za marehemu mama yako?"

"Nimesema zetu." Akamsogezea Nunziata ile nyanya iliyopasuliwa, na kitambaa cha kuanikia mbegu. "Zitoe wewe, mwanangu. Mkono wangu haujazizoea."