Tuzo ya Msema Kweli

Klabu ya kujitolea ya mji ule ilikuwa na desturi: mhitimu wa shule anayepewa tuzo ya msema kweli huvishwa shada la maua na mzazi wake.

"Mzazi wa Semeni apite mbele," mwenyekiti aliita.

Hakuna aliyesimama. Mama mmoja wa klabu akainuka. "Nikuvishe mimi, mwanangu?"

"Asante, mama. Baba yuko njiani."

Baba yake walimzika wakati wa masika.

Mwenyekiti akamkabidhi shada mkononi, ukumbi ukampigia makofi. Semeni akarudi kuketi, shada mapajani, mkono juu ya kiti kitupu cha pembeni. Sherehe ilipokwisha, wahudumu wakaanza kukusanya viti.

"Hiki kina mtu?" mmoja aliuliza.

"Kina mtu," alijibu, akakivisha shada.