Funda Moja

"Mzee Dugald ndiye atakayeonja kwanza, kama desturi yetu ilivyo," meneja wa kiwanda cha wiski aliwaambia wageni. "Chupa ni chache, na zikiisha zimeisha."

Dugald aliipokea glasi ya wiski. Hakuja kuonja. Alikuja kusema mbele ya wageni kilichomuua mkewe: moshi wa tanuri lao la kukaushia shayiri, alioupumua miaka yote huku wakubwa wakimwambia akakohoe nje. Alipokufa wakasema ni sigara. Mwanamke ambaye hakuwahi kushika sigara!

"Kunywa basi, baba, au unaisomea dua?" jirani yake alimtania. Watu wakacheka.

Akapiga funda moja ili alainishe koo.

Moshi ukamjaa mdomoni, moshi mzito wa udongo mweusi wa kinamasi uliochomwa tanurini, na nyuma yake chumvi kidogo. Ilikuwa harufu ya nywele za mkewe, kila jioni alipovua kitambaa. Shayiri ya wiski hii aliikausha mkewe, mwaka wake wa mwisho kazini. Dugald hakuwa ameinusa harufu hiyo tangu wanawake waliokuja msibani walipoifua foronya ya marehemu bila kumuuliza.

Meneja alimsogezea kipaza sauti.

"Haya mzee, waambie. Ikoje?"

Maneno yalikuwa tayari, ameyapanga wiki nzima kitandani. Lakini ili ayaseme, ilimbidi alimeze funda lile, na harufu ile iende nalo.

"Mzee? Sema basi, watu wanakungoja."

Dugald aliibana midomo yake, akatikisa kichwa.