Orodha ya Bibi Kabati

Nyundo ilitua kwenye taya la Profesa kabla hajamaliza kumuuliza mgeni ana miadi na nani.

Jino liliruka, likaangukia karatasi za mkutano. Profesa alikwenda chini mzima mzima, akabaki huko chini ya meza akikoroma, damu ikimtoka. Ilikuwa saa nne asubuhi, chai haijapoa, na Bibi Kabati alikuwa bado ameshika kikombe, mdomo wazi.

Bibi Kabati halikuwa jina lake. Watafiti walimbandika kwa sababu ndiye aliyetunza kumbukumbu zote za utafiti wao, na kabati lake lilikuwa na kufuli tatu. Humo ndimo ilimokaa orodha: namba za wagonjwa mia tatu kutoka hospitali tatu, na mbele ya kila namba, nani anameza dawa mpya na nani anameza vidonge vya unga mtupu. Mgonjwa hakujua. Daktari wake hakujua. Bibi Kabati hakumwambia hata mumewe, na mumewe alivyo mdaku, aliuliza weee mpaka akachoka.

Mwenye nyundo alikuwa pande la mtu, penseli sikioni, vumbi la mbao kwenye nyusi. Seremala. Alikomea mlango kwa ndani.

"Mama, sina ugomvi na wewe," alisema. "Mke wangu ni namba mia moja na kumi na tisa. Saa sita anapewa kidonge kingine. Anapewa kipi?"

"Sijui, ndugu yangu."

Seremala aliukamata mkono wake wa kushoto, akaulaza mezani, akakigonga kidole cha mwisho, pigo moja tu, kama anayepigilia msumari mdogo. Bibi Kabati alipiga yowe hadi sauti ikakauka. Nje, mlinzi alianza kuubamiza mlango.

"Ukiingia namsaga huyu mzee!" seremala alimpigia kelele, na mlango ukanyamaza. Kisha akamgeukia tena Bibi Kabati. "Anapewa kipi, mama? Nimezunguka hospitali zote tatu wiki nzima. Nimefukuzwa kama mbwa. Mke wangu mwenyewe hanisikii tena, anawasikiliza ninyi."

Bibi Kabati aliwajua watu wa namna hii. Mwezi uliopita mama mmoja alipiga magoti palepale mlangoni, akilia mwanawe apewe dawa yenyewe, asidanganywe kwa unga. Alimwinua, akamfuta machozi, akamrudisha nyumbani bila jibu. Usiku ule hakupata usingizi, lakini siri ilibaki siri.

"Hata ukiniua, sisemi."

Kidole cha pili kilivunjika, halafu cha tatu. Macho yalimwingia giza, akamchukia mtu huyu kwa chuki ambayo hakujua kama anayo. Hakusema. Ndipo seremala alipomburuta Profesa kwa kola, akainua nyundo juu ya upara wake.

"Nahesabu mpaka tatu. Moja."

Miaka sita Profesa hakuwahi kumwambia ahsante. Mara mbili Bibi Kabati alimwomba waunganishe taarifa za wagonjwa wa hospitali zote kila wiki, na mara mbili Profesa alimcheka mbele ya vijana. "Bibi, utafiti si karata, za kuchunguliana! Kila hospitali ifunge bahasha zake, tutazifungua mwisho wa mwaka." Bahasha zenyewe zilikuwa zimejaa rafu nzima, lakiri haijaguswa hata moja.

"Mbili."

"Mwache! Nafungua!"

Alifungua kufuli zote tatu kwa mkono mmoja, akilia kwa maumivu na aibu. Akaishusha orodha, akapekua. Mia moja na kumi na saba. Mia moja na kumi na nane. Alipoifikia ile aliyotafuta, nusura acheke. Vidole vitatu na taya la mtu, bure kabisa!

"Furahi, ndugu yangu! Mkeo anapata dawa yenyewe. Tangu siku ya kwanza!"

Seremala alitoa mguno mzito. Akaigeukia rafu na kuitwanga, akaitwanga tena na tena, bahasha zikimwagika sakafuni, hadi mpini wa nyundo ukapasuka mikononi mwake. Kisha akateleza ukutani, akaketi chini, akalia kwa kwikwi kama mtoto.

"Sasa unalia nini?" Bibi Kabati alimaka. "Si ndicho ulichokitaka?"

Seremala alijifuta machozi. Alichomoa karatasi mfukoni mwa shati, akaikunjua, akaisukuma mbele yake. Kulikuwa na namba kumi na mbili za utafiti kwa mwandiko wa penseli, na pembeni ya kila moja, tarakimu nyingine mbili.

"Zitafute hizo."

Bibi Kabati alizitafuta kwa kidole kizima. Kumi na nne: dawa mpya. Sitini na mbili: dawa mpya. Mia mbili na tatu: dawa mpya. Alishuka hadi ya mwisho. Hakukuwa na hata mmoja wa unga.

"Umezipata wapi namba hizi? Hizi ni za hospitali zote tatu. Hata Profesa hajawahi kuziona mahali pamoja."

"Najua. Kila hospitali iliniambia kwao ni wanne tu, mambo ya kawaida."

"Wanne nini? Na hizi tarakimu za pembeni ni za nini?"

"Urefu na upana," alisema seremala. "Bangili zenu za namba huwa bado wamezivaa mikononi, ninapokwenda kuwapima majeneza."