Leso ya Kuazima

Wendell Stroud aliuzungusha ufunguo, akauchomoa, akautia mfukoni mwa koti. Ndani ya chumba, vishindo vya viatu vya visigino vilikuja mbio mpaka mlangoni, vikakoma.

"Wendell," Corinne Tully alisema taratibu. "Fungua."

"Nitafungua, bibiye. Habari ikishafika Chicago."

Hakuwa mtu mbaya, Wendell. Alikuwa mwandishi wa gazeti la jioni, na mhariri wake alikuwa amemwambia waziwazi mbele ya wenzake: gazeti la asubuhi likimtangulia mara moja tena, achukue kofia yake aende zake. Na gazeti la asubuhi maana yake ni Corinne. Ndiye aliyempandisha kwa hila treni ya Milwaukee siku mwizi wa benki alipokuwa akijisalimisha Chicago. Ndiye aliyefungua simu zote za chumba cha waandishi mahakamani, akaondoka na vyuma vyake vya ndani kwenye mkoba, wenzake wakabaki kupigia kelele simu mabubu. Kisha, kama kawaida yake, akawanunulia kahawa.

Leo ilikuwa zamu ya Wendell. Mla, alijiambia, ni mla leo.

Habari yenyewe ilikuwa tamu. Ambrose Hockstadt, mrithi wa viwanda vya nyama za makopo, alikuwa anaoa kwa siri huku Pell Ferry, kando ya ziwa, wala hakuna aliyejua bibi harusi ni nani. Wendell alipata telegramu isiyo na jina la mpelekaji: Jumamosi, saa nne, kanisa jeupe. Alishuka kwenye treni akijiona mwana wa bahati. Mtu wa kwanza kumwona hotelini alikuwa Corinne, ametulia na kikombe chake kama aliyezaliwa hapo.

"Umechelewa, mzee," alimwambia. Wendell alikuwa na miaka arobaini na moja tu.

Asubuhi Corinne alitokea mezani amevaa suti ya rangi ya maziwa, glavu, na kofia mpya yenye wavu. Wendell aliijua hila hiyo: mwandishi hujipamba kama mgeni wa harusi, akapita mlangoni bila kuulizwa. Corinne hakutia kitu mdomoni. Alimwomba Wendell amwazime leso, akasema kwa desturi siku ya harusi mtu sharti awe na kitu cha kuazima. Wendell alimpa, kwa ukarimu wa mtu aliyekwisha kuona kuwa mwenzake amesahau ufunguo nje ya mlango wa chumba chake. Corinne alipopanda kuchukua mkoba, Wendell alimfuata kwa ncha za vidole.

"Acha mchezo," Corinne alisema sasa kutoka ndani. "Bila mimi hiyo harusi haifanyiki."

Wendell alicheka mpaka akashika ukuta. Huyo ndiye Corinne mzima. Hata kiwanda cha magodoro kilipoungua, alidai moto ulimsubiri afike.

"Wendell, nisikilize, mimi ndiye..."

Lakini Wendell alikuwa anashuka ngazi mbilimbili.

Chini, mama mwenye hoteli aliinua kichwa kusikia mlango unagongwa. Wendell alivua kofia kwa huzuni. Alimweleza kwamba yule juu ni mkewe. Ni mishipa ya fahamu, maskini, na asubuhi humjia fikra za ajabu.

"Akikwambia anawahi harusi, mama, wewe itikia tu. Ila usifungue."

Yule mama alimshika mkono, akamwambia Mungu atamlipa kwa uvumilivu wake.

Kwenye mlango wa kanisa walisimama wanaume wawili wenye mabega kama makabati. Wendell alikuwa ametayarisha uongo kwamba yeye ni fundi wa kinanda. Haukuhitajika. Alipotaja jina lake tu, walimpeleka safu ya mbele kwa heshima zote. Wendell alinyoosha tai. Kumbe jina lake lilikuwa limefika mbali kuliko mhariri alivyojua.

Hakuwapo mwandishi mwingine hata mmoja. Alitoa karatasi, akaandika kichwa cha habari, akaacha nafasi ya jina la bibi harusi.

Kengele ikalia. Mpiga kinanda akamaliza wimbo wake, akaurudia, akaurudia tena. Mchungaji akawa anasoma dari. Ambrose Hockstadt, kijana mnene mwenye uso mwema, alikuwa anavuta ukosi wa shati kana kwamba umemrukia shingoni. Mwishowe alishuka, akainama sikioni kwa Wendell.

"Bwana Stroud, nisaidie. Wewe umemjua miaka mingi kuliko mimi. Ile telegramu alikupelekea yeye mwenyewe. Alisema hawezi kuacha kazi kabla hajakuachia habari moja, usije ukafukuzwa. Sasa niambie ukweli, ndugu yangu. Corinne ni mtu wa kubadili mawazo?"

Wendell alitia mkono mfukoni kutafuta leso ajifute jasho. Leso haikuwamo. Ulikuwamo ufunguo.