Daudi Juu ya Paa

Mfalme Daudi alipanda juu ya paa la jumba lake kupunga upepo. Kituku akafungua ukurasa, na huko upande wa pili nabii Nathani alikuwa tayari amesimama mbele ya mfalme, anamwambia kwamba mwenye hatia ni yeye.

Katikati hapakuwa na kitu. Mwanamke hakuoga. Mumewe hakupelekwa vitani. Hata kile kisa cha tajiri na kondoo wa maskini hakikuwepo. Mtu alipunga upepo, mtu akahukumiwa.

Kituku alirudi nyuma, akalamba kidole, akafungua tena. Paa. Nabii. Akapitisha ukucha kwenye mshono wa Biblia, akagusa ukingo mwembamba, umenyooka kama uliokatwa kwa wembe.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza mkewe, Tryphena, bila kuinua macho kutoka kwenye soksi aliyokuwa akiishona.

Tryphena alifundisha fasihi katika shule moja ya sekondari hapo Voi, na nyumbani kwake Mwakingali Biblia ilisomwa kila jioni kabla ya chakula, kwa utaratibu wake yeye. Mahubiri alimwachia pasta. Yeye alitaka hadithi. Swali lake lilikuwa lile lile kila siku: katika kisa hiki nani anajua, na nani hajui kwamba anajulikana? Tena alipenda kusema kwamba msimulizi hodari hasemi yote. Humwachia msomaji pengo, halafu humngoja aingie mwenyewe.

Kituku alilitazama lile pengo. Kumbe anayengojwa aingie ni yeye.

Tangu Januari alikuwa akienda Maungu kila Jumamosi kupalilia ndengu. Ndengu zenyewe zilikauka Desemba. Lakini Maungu, kando ya barabara kuu, palikuwa na hoteli, na mwenye hoteli aliitwa Daisy.

Jumapili hii Kituku angesimikwa mzee wa kanisa. Hilo halikumsumbua sana. Kilichomsumbua ni maneno aliyoambiwa na Tryphena wiki ya harusi yao: "Siku utakayonidanganya, narudi kwetu Mbololo na sufuria zangu." Hakutaja kitanda wala kabati. Sufuria tu. Ndiyo maana Kituku alimwamini.

"Soma, mwanangu," alisema mama yake, Koki, kutoka kwenye kiti chake karibu na mlango. "Karatasi zake laini hizo, hazitakukata."

Koki hakuwahi kuingia darasani, lakini tangu aokoke Pasaka na kuyakana ya dunia yote mbele ya kanisa zima, hakuna aliyeipenda Biblia ile kumshinda. Kila alasiri, nyumba ikiwa tupu, aliichukua chumbani kwake akafunga mlango. Alipotoka, macho yalikuwa yamelowa. "Neno linamgusa Mama," Tryphena aliwaambia akina mama wa kanisa. "Yeye halisomi, linamsoma."

Koki akapiga chafya.

"Afya, Mama," alisema Tryphena. "Baba Rita, tunakungoja. Daudi yuko juu ya paa. Halafu?"

"Mama Rita," alisema Kituku, "nimeelewa."

"Umeelewa nini, na hujasoma?"

"Ndengu zilikauka."

"Ndengu gani tena?"

"Za Maungu. Zilikauka tangu Desemba. Nilikuwa nikienda hoteli, kwa Daisy. Mwanzo ilikuwa chai. Halafu chai na mandazi. Halafu..." Akayatazama mabati. "Halafu hatukuhitaji tena chai."

Sindano ya Tryphena ilisimama hewani.

"Nipe hiyo Biblia."

Akampa. Tryphena akasoma kimya. Paa. Nabii. Naye akapitisha ukucha kwenye mshono. Kisha akamtazama mumewe kwa muda mrefu.

Jina la Daisy alikuwa amelisikia dakika hiyo hiyo kwa mara ya kwanza. Lakini ukingo wa karatasi aliuona, na alikuwa mwalimu wa fasihi. Kumbe alishindwa kukisoma kisa hiki mbele yangu, aliwaza. Ameukata ukurasa kwa mkono wake mwenyewe kwa aibu. Mtu mwenye aibu ya namna hii hajapotea kabisa.

Akainuka, akaingia jikoni.

Kituku akasikia sufuria ikishushwa ukutani. Akafumba macho. Akasikia mfuniko ukigonga. Kisha akasikia maji yakimiminwa, na kiberiti.

"Jumapili utamwambia pasta hufai kusimikwa!" Tryphena alisema kutoka jikoni.

"Nitamwambia."

"Na Maungu huendi tena, hata hizo ndengu zifufuke!"

"Siendi."

"Na ule ukurasa hatutauzungumzia."

"Hatutauzungumzia," alisema Kituku. Wanawake wangapi wangemkemea mume kwa upole hivyo, kwa karatasi moja tu, bila hata kumwaibisha mbele ya mama yake?

"Wacha nikaombe kidogo kabla ugali haujaiva," alisema Koki. Akajiinua kwa fimbo yake, akaenda chumbani akafunga mlango.

Huko akafungua fundo la leso, akachota ugoro kwa vidole viwili, akavuta, na macho yakamjaa machozi. Kisha akaikunja tena taratibu ile karatasi yake laini, ambayo upande wake wa nje Bathsheba alikuwa bado anaoga.