Alhamisi za Mama Mwenye Lulu

Kila Alhamisi, kabla wageni hawajabisha hodi, Mathilde alimficha mbwa. Alisogeza chombo cha maua mbele ya picha hadi majani yakayafunika yale magoti ya hariri na kijibwa cheupe kilicholala juu yake. Kisha akawasha mshumaa.

Mwanamke wa pichani hakuwa mtakatifu. Mathilde alilijua hilo tangu mwajiri wake wa zamani, Mwitaliano mmoja wa mtaa wa Kigobe, alipofunga virago na kumwachia nakala ile ya rangi za mafuta: mke wa tajiri wa Firenze, aliyefariki karibu miaka mia tano iliyopita, shingo imejaa lulu, macho hayamtazami mtu.

Aliitundika tu, ukuta usibaki mtupu. Mumewe, Moïse, alikuwa amekwisha kuzikwa, waombolezaji wametawanyika, na kwa miezi mingi nyumba ile ya mtaani Carama haikuwa na sauti nyingine ila yake. Ndipo jirani yake, Candide, alipokuja kuomba makaa ya moto, akaiona picha, akafanya ishara ya msalaba.

"Yesu wangu! Kumbe uko na Bikira Maria mu nyumba, na unanyamaza?"

Mathilde alifungua kinywa amsahihishe. Badala yake akajisikia akisema, "Karibu tusali."

Tangu siku hiyo wanawake wa mtaa walijaa sebuleni mwake kila Alhamisi kwa rozari. Baada ya rozari chai, na baada ya chai vicheko. Wakiujua ukweli, aliwaza, nani atarudi?

Leo Candide alimleta mpwa wake.

"Uyu ni Gaëlle, mutoto wa dada yangu. Anasoma ku université. Anajua vyote, ila kusonga bugali tu ndiyo imemushinda!"

Candide alipotoka kuwaita wenzake, Gaëlle aliyasogeza maua ili aione picha vizuri. Akamgeukia Mathilde.

"Mama, ni mutakatifu gani huyu, wa kuvaa lulu hivi na kubeba kambwa?"

"Usiwaambie," Mathilde alinong'ona. "Mutoto wangu, miye sina watu wengine."

"Lakini wanamusalia, mama. Ni kuwadanganya."

Macho ya binti yalijaa huruma, lakini hakuahidi kitu.

Rozari ilisaliwa. Mathilde aliitikia pasipo kuisikia sauti yake mwenyewe. Kila "Salamu Maria" aliiona kama ya mwisho kusikika katika chumba kile. Wanawake walipotoka uani kunawa mikono, yeye alisimama jikoni nyuma ya pazia, birika mkononi. Sebuleni walibaki Candide na mpwa wake tu, na msichana akaanza.

"Mama mudogo, ile picha si ya Maria. Ni ya mwanamuke tajiri tu wa zamani."

Mathilde alifumba macho.

"Nyamaza, we!" sauti ya Candide ilishuka. "Siye wote tunajua, padri alishatuambia zamani. Ni Mathilde tu ndiye hajui. Akijua atasikia haya, ataitoa. Na siye, Alhamisi, tutaenda kwa nani? Unafikiri mule kwangu nani ananiongelesha?"